Masisi na Walikale: Vijana wetu wanaumwa na hofu, sisi tunawaita watundu

Mtu akivunjika mguu kule Nyabiondo au Kashebere, hakuna anayemuuliza kama ana imani ya kutosha. Vijana wanakata miti miwili, wanafunga kipoyi, wanambeba kwa zamu mpaka kituo cha afya, hata kama njia ni matope na milima mitupu. Hakuna anayesema mgonjwa anajifanya, wala anayemwambia ausahau mguu wake.

Lakini msichana wa miaka 14 ambaye hajalala vizuri tangu kijiji chake kilipochomwa, anayeruka mlango ukifungwa kwa nguvu, anayesoma ukurasa mmoja mara tano bila kuelewa kitu, huyo hatumbebi. Tunamwambia ajikaze. Tukichoka naye, tunasema ni mvivu. Tukimwogopa, tunasema ana mapepo. Na kaka yake anayejibu wazazi vibaya, anayepigana kila siku na kutoroka darasani, tunamwita mtundu na kumtafutia fimbo.

Kazi yangu ni kusikiliza watoto wa namna hiyo. Mimi ni mwanasaikolojia, na katika miaka hii ya vita, wengi wanaoketi mbele yangu ni vijana wa miaka 12 hadi 18 waliotoka Masisi na Walikale. Jambo ninalotaka kusema hapa ni moja. Hofu ya vijana hawa ni jeraha, na jeraha hilo linatibika. Linatibika kwa kiasi kikubwa kwa kutumia watu ambao tayari wako vijijini mwetu. Tukiliacha bila kutibu, tutalikuta tena kesho ndani ya ndoa zao, ndani ya vikundi vyenye silaha, na ndani ya watoto watakaowazaa.

Walichokiona

Tumchukue mtoto aliyezaliwa Masisi mwaka 2010. Hakuwa amefikisha miaka mitatu Goma ilipoanguka mikononi mwa M23 kwa mara ya kwanza, tarehe 20 Novemba 2012. Alikuwa na miaka 12 au 13 Kitshanga ilipotekwa Januari 2023. Mwisho wa Aprili 2024 ilikuwa zamu ya Rubaya na migodi yake ya koltani. Tarehe 4 Januari 2025 ikawa Masisi-kati. Kabla mwezi haujaisha, Sake na Goma nazo zikaanguka. Kama familia yake ilikuwa imekimbilia kambi za pembeni mwa Goma, kama Bulengo, Lushagala au Rusayo, basi Februari 2025 iliambiwa ibomoe hema na kurudi nyumbani, hata kama nyumbani hapakuwa na nyumba tena.

Mwenzake wa Walikale alidhani msitu ungemkinga. Tarehe 19 Machi 2025 vita vikaingia Walikale-kati. Watu wakaingia porini, na majuma mawili baadaye M23 ikaondoka. Kati ya tarehe hizo zote, weka mapigano ya vikundi vingine ambavyo havitajwi hata redioni, vizuizi njiani ambapo kijana anatozwa pesa ili apite, na usiku ambao mtu analala na viatu miguuni.

Ninaorodhesha tarehe hizi kwa sababu mara nyingi mzazi ananiambia: «Lakini huyu hakuna kilichompata, hakupigwa risasi.» Mwili wa mtoto hauhesabu risasi peke yake. Unahesabu pia mara ngapi ulikimbia, mara ngapi ulifika mahali ukaambiwa uondoke tena, na mara ngapi uliona uso wa mama umebadilika kwa woga.

Hofu inavyofanya kazi

Mungu alimpa kila binadamu kengele ndani ya mwili. Hatari ikija, kengele inalia: moyo unapiga haraka, damu inakwenda miguuni, tumbo linafunga, macho yanatafuta njia ya kutokea. Hiyo ndiyo iliyowaokoa wengi wetu. Mtu ambaye kengele yake haikulia Sake au Mweso huenda leo hayuko nasi.

Shida inaanza kengele inapokataa kunyamaza. Bunduki zimenyamaza kwa majuma matatu, chakula kiko jikoni, lakini mwili wa kijana bado uko njiani unakimbia. Ndiyo maana anaumwa kichwa kila asubuhi na daktari haoni kitu. Ndiyo maana tumbo linamuuma siku ya mtihani. Ndiyo maana anasahau: akili inayolinda mlango usiku na mchana haina nafasi ya kuweka hesabu na sarufi. Watu wetu wana maneno mazuri ya hali hii. Wanasema roho inamruka, au ana mawazo mengi. Maneno hayo ni ya kweli kuliko «mtundu» na «mvivu».

Hapa tuwe waangalifu. Kijana wa Masisi anayeogopa akisikia milio ya silaha hana ugonjwa wowote. Ana akili timamu. Siwezi kumwambia asiogope mahali ambapo hatari ni ya kweli, na mtaalamu yeyote anayesema hivyo anamdanganya. Tunaanza kusema juu ya ugonjwa wakati hofu inaendelea hata katika siku za utulivu, inapita mwezi mmoja au zaidi, na inamzuia kijana kuishi: halali, hali, hasomi, hachezi, hataki tena wenzake. Hapo kijana anahitaji msaada kama yule wa mguu uliovunjika.

Shirika la Afya Duniani, OMS, linakadiria kwamba katika maeneo ya vita mtu mmoja kati ya watano ana tatizo la afya ya akili la aina fulani, kuanzia hofu na huzuni nyepesi hadi magonjwa mazito. Shirika hilohilo linasema kwamba nusu ya matatizo ya akili ya watu wazima huanza kabla ya miaka 18. Weka maneno hayo mawili pamoja, kisha uangalie darasa la wanafunzi 50 pale Masisi-kati. Si jambo la mtoto mmoja mwenye bahati mbaya.

Nyumba ambamo kila mtu amejeruhiwa

Mara nyingi kijana anapoletwa kwangu, mzazi anataka nimrekebishe yeye peke yake kama pikipiki iliyoharibika. Lakini hofu ya kijana inaishi nyumbani, katikati ya watu. Baba ambaye alikuwa na ng'ombe na shamba la maharagwe, leo anaishi katika chumba kimoja kwa shemeji yake na kusubiri mke alete unga. Aibu hiyo haina pa kwenda. Inageuka ukali, au pombe, au kimya kinachochukua siku nzima. Mama anabeba mizigo ya watu ili wale jioni, anarudi amechoka, na mtoto akianza kusema juu ya ndoto zake mbaya anamwambia: «Hata mimi naota, nyamaza ulale.»

Simlaumu mama huyo. Anasema ukweli. Lakini mtoto amejifunza jambo moja: kwamba maumivu yake ni mzigo wa ziada kwa watu anaowapenda. Tangu siku hiyo atayaficha. Na kijana anayeficha maumivu hutafuta mahali pengine pa kuyaweka.

Msichana anayaweka kwa mwanaume. Ninasikia watu wakisema wasichana wa siku hizi wamependa pesa, wanawafuata wachimbaji wa Rubaya na wa Bisie, au wanaume wenye bunduki. Ukimsikiliza msichana mwenyewe kwa muda, unasikia jambo tofauti. Anatafuta mtu ambaye akiwa karibu naye, wengine hawatamgusa. Anatafuta usingizi. Hesabu yake ni ya mtoto aliyeona kwamba wazazi hawawezi kumlinda. Mwanaume mzima anayeitumia hesabu hiyo anafanya kosa la jinai: sheria ya Congo ya tarehe 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto iko wazi kwamba mtoto ni yeyote ambaye hajafikisha miaka 18, na mtoto haozwi. Mzazi anayepokea mbuzi ili «amalize aibu» anamkabidhi binti yake kwa hofu nyingine kubwa zaidi.

Mvulana anayaweka katika kikundi. Wengine walichukuliwa kwa nguvu, na hao tusiwasahau. Lakini wapo waliokwenda kwa miguu yao. Kikundi kinampa kijana vitu vitatu ambavyo vita vilimnyang'anya: ndugu, jina, na hisia kwamba sasa yeye ndiye anayeogopwa. Hotuba za kumkataza kwenda msituni hazitoshi kama hatujampa mahali pengine ambapo atapata ndugu na jina bila bunduki.

Deni la mwaka 2010

Anayedhani kwamba muda peke yake unaponya, na arudi nyuma mpaka Luvungi. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, vikundi vyenye silaha vilivamia vijiji 13 kwenye njia ya Kibua hadi Mpofi, wilayani Walikale. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulihesabu watu 387 waliobakwa: wanawake 300, wanaume 23, wasichana 55 na wavulana 9.

Watoto 64. Mmoja wa wakubwa wa vikundi hivyo, Ntabo Ntaberi Sheka, alihukumiwa kifungo cha maisha na mahakama ya kijeshi huko Goma Novemba 2020, baada ya zaidi ya miaka kumi. Hukumu hiyo ilikuwa ya lazima, na wanawake waliosimama mbele ya mahakama walionyesha ujasiri mkubwa. Lakini mtoto aliyekuwa na miaka 13 wakati ule alipita ujana wake wote akingoja. Leo ni mtu mzima, pengine ni mama mwenye watoto wanaokua katika vita vingine. Kama alipata wa kumsikiliza, watoto wake wana bahati. Kama hakupata, hofu yake imekaa mezani pamoja nao, hata kama hajawahi kuwasimulia neno.

Hivyo ndivyo jeraha linavyopita kutoka kizazi hadi kizazi bila uchawi wowote. Mama anayeshtuka anamfundisha mtoto kushtuka. Baba aliyekatwa na dunia anamfundisha mtoto kukatana nayo. Ndiyo maana ninakataa neno «baadaye». Kila mara ninaposikia kwamba afya ya akili ni jambo la baadaye, vita vikiisha, ninawaona wale 64.

Dawa inajulikana

Wasomaji wengi watasema: wanasaikolojia wako wapi? Mji wa Goma una kituo cha Tulizo Letu, Bukavu ina SOSAME, vyote vikiwa kazi ya Mabradha wa Upendo. Ni vituo vya maana kwa magonjwa mazito. Lakini mzazi wa Pinga au wa Itebero atafikaje huko, na kwa pesa gani, na kupitia vizuizi vingapi?

Jibu lilishapatikana hapahapa kwetu. Mwaka 2013 jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanywa katika vijiji vya Kivu ya Kusini na Kivu ya Kaskazini, pamoja na wanawake 405 waliopitia ukatili wa kingono. Katika vijiji saba, wanawake walikaa katika vikundi vidogo na kujifunza, kikao baada ya kikao, namna ya kushughulika na mawazo yaliyowafunga. Katika vijiji vinane, walipewa msaada wa mtu mmoja mmoja tu. Miezi sita baada ya matibabu, wanawake waliokuwa bado na dalili za huzuni nzito au hofu kali walikuwa asilimia 9 katika vile vikundi, na asilimia 42 upande wa pili.

Walioongoza vikundi hivyo hawakuwa madaktari. Walikuwa wanawake wa Kicongomani, wasaidizi wa kisaikolojia, waliosoma angalau miaka minne baada ya shule ya msingi, wakapewa mafunzo na kusimamiwa vizuri. Wengi wa wanawake waliotibiwa hawakujua kusoma. Vita havikuwa vimeisha. Na bado dawa ilifanya kazi.

Je, inafaa kwa vijana pia? Mwaka huohuo, watafiti wa chuo kikuu cha Queen's cha Belfast walichapisha kazi mbili walizofanya mashariki mwa Congo: moja na wasichana 52 wa miaka 12 hadi 17 waliopitia ukatili wa kingono, nyingine na wavulana 50 wa miaka 13 hadi 17, wengine wao wakiwa wametoka katika vikundi vyenye silaha. Vikao 15 vya kikundi: kujifunza kupumua, kuchora, kusimulia, kuwashirikisha wazazi au walezi. Dalili za kiwewe, huzuni na hofu zilishuka sana kwa walioshiriki, kuliko kwa wale waliokuwa bado wanangoja zamu yao.

Kwa hiyo tusiseme tena kwamba hatujui la kufanya. Vijiji vingi vya Kivu vinamjua mama mshauri. Hospitali kuu ya Masisi, ambako Madaktari Wasio na Mipaka wamefanya kazi tangu mwaka 2007, na ile ya Mweso, zimewahi kuweka huduma ya kisaikolojia kando ya upasuaji na uzazi. Kinachokosekana ni kufanya kazi hiyo iwe ya kudumu na kuifikisha mbali na barabara kubwa. Na tangu mwanzo wa mwaka 2025, serikali ya Marekani ilipokata misaada yake ya nje, mengi ya yale tuliyokuwa tumeyazoea yamefungwa. Anayelipwa na mradi huondoka na mradi. Hofu haiondoki naye.

Wanaosema hapana

Ninasikia pingamizi tatu, na kila moja ina ukweli ndani yake.

La kwanza: «Mtoto ana njaa, wewe unamletea maneno?» Ni kweli kwamba maneno hayajazi tumbo, na mshauri anayekuja bila kujali chakula hatasikilizwa. Lakini angalia upande wa pili. Mama ambaye hofu imemfunga hawezi kwenda shambani hata siku ya utulivu. Kijana asiyelala hawezi kusoma hata kama amelipiwa shule. Unga na kusikilizwa vinakwenda pamoja. Kimoja hakingoji kingine.

La pili: «Hayo ni mambo ya wazungu, sisi Waafrika tuna nguvu.» Ninawauliza wanaosema hivyo: kilio ni cha wazungu? Mtu akifiwa kwetu, majirani wanakuja, wanawasha moto, wanakaa naye usiku, wanamwacha aseme habari za marehemu na kulia mpaka achoke. Hiyo ni tiba, na babu zetu waliijua kabla ya kitabu chochote. Vita ndivyo vilivyoivunja. Watu wengi wa Masisi na Walikale walikimbia bila kuzika, au walizika usiku bila matanga. Kikundi cha vijana kumi chini ya mti, na mama mshauri katikati yao, kinarudisha kile tulichonyang'anywa.

La tatu ndilo zito zaidi, na halisemwi kwa sauti: huku kwetu maneno yanaua. Kijana akisema nani alimuua baba yake, ametaja kikundi. Akitaja kikundi, watu wanasikia kabila. Kesho habari imefika pasipotakiwa. Wahunde, Wahutu, Watutsi, Wanyanga, Wakumu, Watembo: kila nyumba ina jambo ambalo watoto wamefundishwa kutolisema. Ninakubali hofu hiyo. Ndiyo maana mshauri wa kweli hafanyi upelelezi. Haulizi jina la aliyefanya, haandiki kabila, hapigi picha, hapeleki habari kwa mkuu yeyote. Anauliza tu: mwili wako unafanya nini unapokumbuka, na leo usiku utalalaje? Kijana anaweza kupona bila kutaja jina hata moja. Na shirika linalomlazimisha kijana asimulie mabaya yake mbele ya kamera ili lipate wafadhili, linamjeruhi mara ya pili.

Tufanye nini kuanzia leo

Kwa wazazi na walezi: usingoje uwe na nguvu zote. Chagua muda mdogo kila jioni, hata wakati wa kuosha vyombo, ambapo mtoto anaweza kusema na wewe unasikia bila kumjibu haraka. Akikueleza ndoto yake, mwambie: «Nimesikia. Ni kawaida kuogopa baada ya yale tuliyoyaona. Niko hapa.» Kuna habari mbaya? Mweleze kwa sentensi moja ya kweli, usimdanganye wala usimmwagie hofu yako yote. Rudisha ratiba: kulala saa moja ileile, kazi ndogo ya nyumbani, mpira, kwaya. Mwili wa kijana unaamini ratiba kuliko ahadi.

Hofu ikimshika ghafla, msimpige wala msimmwagie maji. Keti karibu naye. Mwombe avute hewa polepole kwa pua, aitoe kwa mdomo taratibu zaidi ya alivyoivuta, kama anayepoza chai. Mwombe ataje vitu vitano anavyoviona. Kengele itashuka. Mfundishe hilo siku ya utulivu, si siku ya risasi.

Kijana akisema amechoka kuishi, au anagawa vitu vyake, au anasikia sauti wasizosikia wengine, au hali chakula siku nyingi, usingoje. Muulize wazi kama anafikiri kujiua. Kumuuliza hakumpandi wazo hilo, kunamfungulia mlango. Ondoa dawa za shamba na vitu vya hatari nyumbani, usimwache peke yake, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.

Kwa walimu na waprefe: mtoto aliyebadilika ghafla aulizwe kabla ya kuadhibiwa. Fimbo kwa mwili ambao tayari unalia kengele ni kuongeza moto. Kila shule iwe na mwalimu mmoja, mwanamke kama inawezekana, anayejulikana kuwa hasambazi siri za wanafunzi.

Kwa wachungaji, mapadri na mashehe: ombeeni watoto, wanahitaji maombi. Lakini msimfungie kijana chumbani, msimfungishe siku nyingi mpaka azimie, na msimwambie mama kwamba mtoto ni mchawi. Baada ya maombi, mpeni mtu wa kumsindikiza hospitali. Neno lenu linasikilizwa kuliko langu.

Kwa wakubwa wa zone za afya na wafadhili waliobaki: Walikale ina zaidi ya kilomita za mraba 23,000, nyingi zikiwa msitu. Jengo jipya mjini halitawafikia watu hao. Chukueni kila kituo cha afya, mumfundishe muuguzi mmoja na mama mshauri mmoja, mumlipe kila mwezi kama mnavyomlipa mkunga, na mumpe msimamizi anayefika kumtembelea. Mama mshauri asiyelipwa na asiye na wa kumsikiliza yeye mwenyewe naye anaugua. Gharama yake ni ndogo kuliko gari moja la semina.

Kwa wenye silaha, wa upande wowote, na kwa wale wanaoketi Doha na Washington kuandika mikataba: ondokeni shuleni na hospitalini, na muwarudishe watoto mliowachukua. Mkataba ukitiwa sahihi bila kuweka mahali pa kuwapokea vijana hao, pa kusoma, pa kazi na pa kusikilizwa, kikundi kingine kitawakuta wakiwa tayari.

Na kwa kijana wa Masisi au wa Walikale anayesoma haya kwenye simu ya rafiki: moyo wako kupiga hivyo hakumaanishi umerukwa na akili, wala haumaanishi umelogwa. Mwili wako ulijifunza kukuokoa, na bado haujaambiwa kwamba unaweza kupumzika. Tafuta mtu mzima mmoja unayemwamini, shangazi, koko, mwalimu, muuguzi, umwambie sentensi moja tu: «Silali.» Wa kwanza asiposikia, mwambie wa pili.